KABATI LIFUNGULIWE, KINYWA KIFUNGWE



Mtu akikabidhiwa kitu cha watu, atakuwa amekitunza vyema akikifungia, au akikitoa kitumike? Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna habari za fedha za kikundi, mbegu iliyo ghalani, kitabu cha maktaba, na hata maneno tuliyoambiwa sikioni. Katika makala haya nataka tulitazame kwa njia ya mtu mmoja ambaye kazi yake yote imo ndani ya swali hilo. Mtu huyo ni bibi aliye mkutubi wa kijiji.

Simtaji jina kwa sababu nimemkusanya kutoka kwa wengi. Mmoja alishika ufunguo wa kabati la vitabu. Mwingine huwasimulia wajukuu hadithi jioni, na watoto wa majirani nao hujisogeza karibu. Mwingine husomea majirani barua zao. Nawaunganisha wote kuwa mtu mmoja ili tumwone vizuri, na ili tujiulize kama sisi tuliokabidhiwa vitu vingine tunavitunza kwa haki.

UFUNGUO ULIVYOFIKA KIJIJINI

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, watu wazima walio wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Hata kufika mwaka 1967, katika kila watu wazima watatu, wawili hivi walikuwa bado. Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kuanzisha Huduma za Maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam. Lakini jumba la vitabu mjini halimfai mkulima wa Usangu ambaye hajui hata herufi moja. Ndipo mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 kazi ya kufuta ujinga ikaanza kwa nguvu katika wilaya 6, kisha ikaenea nchi nzima.

Wazee wetu wanayakumbuka mambo hayo. Watu walitoka shambani, wakanawa miguu, wakaenda darasani jioni. Walitaniwa kuwa ni ngumbaru, lakini hawakurudi nyuma, na akina mama walikuwa wengi kuliko akina baba. Mtihani wa taifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa wasiojua kusoma wamepungua hadi asilimia 39. Mwaka 1986 walikuwa asilimia 9.6. Mama aliyekuwa na miaka 25 wakati wa mtihani ule wa 1975 leo amekwisha kupita miaka 70. Kwa hiyo ngumbaru wa siku zile ndio akina bibi wa siku hizi. Haifai kuwaona kama watu ambao elimu iliwapita. Wengi wao waliifuata elimu kwa miguu yao wenyewe, usiku, wakiwa na mtoto mgongoni.

Walipokwisha kujua kusoma likazuka tatizo jingine, nalo ni kwamba hawakuwa na cha kusoma. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani asipopata kitabu husahau upesi. Kwa sababu hiyo zikaanzishwa maktaba za vijijini. Neno maktaba lisitudanganye tukadhani ni jengo kubwa. Aghalabu ilikuwa kabati au sanduku lililowekwa shuleni au katika ofisi ya kijiji, lenye vitabu vya kilimo, ufugaji, afya, siasa na hadithi. Alihitajika mtu wa kutunza. Alipewa mafunzo mafupi, daftari la kuandikia majina ya waazimaji, na ufunguo.

Nyingi za maktaba hizo zilikufa baadaye. Vitabu vilichakaa na vipya havikuja, fedha zilikosekana, na mchwa wakafanya kazi yao. Hatuwezi kumlaumu mkutubi wa kijiji kwa hayo. Lakini lipo jambo moja lililokuwa mikononi mwake, nalo lipo mikononi mwa kila mtu aliyepewa ufunguo hadi leo.

WAJIBU WA KWANZA NI KUFUNGUA

Tuseme wako wakutubi wawili, kila mmoja amepokea vitabu 100. Wa kwanza ni mwangalifu sana. Ameona jinsi watoto wanavyoshika vitabu kwa mikono yenye mafuta, ameona ukurasa ukichanwa kufungia karanga, basi akaamua kufunga kabati. Baada ya miaka 10 mkaguzi anakuja, anahesabu, anakuta vitabu 100 vyote vipo. Wa pili aliazimisha. Alipohesabiwa alikutwa na vitabu 60. Arobaini vimekwisha: vingine vimechakaa kwa kusomwa, vingine vimelowa mvua, vingine wenyewe wamehama navyo.

Kati ya hao wawili, nani amepoteza mali ya kijiji?

Wengi watamnyoshea kidole wa pili, maana hasara yake inaonekana katika daftari. Hasara ya wa kwanza haionekani popote. Hakuna daftari la kuandika kwamba mtoto fulani hakupata hadithi ya kumfanya apende kusoma, au kwamba mama fulani hakujua namna ya kuchanganya maji, sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, na maelezo hayo yalikuwa kabatini hatua 50 kutoka kwake. Hapo ndipo penye ugumu. Anayefungia hujikinga na lawama, wala si lazima awe mtu mbaya. Huenda anaogopa tu kudaiwa. Lakini hofu yake inalipiwa na wengine, na wanaolipa hawajui kuwa wanalipa. Ni jambo linalojulikana katika shule nyingi za nchi yetu kwamba vitabu hukaa kabatini na ufunguo hukaa mfukoni, kwa kuogopa visiharibike. Vikija kufunguliwa, mtaala umebadilika.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Ni kweli kwa fedha, na ni kweli kwa mahindi kwa muda. Lakini mkulima wa mpunga hapa kwetu anajua kuwa mbegu ni akiba ya namna nyingine. Mbegu ikikaa ghalani misimu mingi haioti tena, hata ikiwa punje zote zipo na gunia halijatoboka. Kitabu ni cha jamaa ya mbegu.

Hata hivyo tusimsifu wa pili bila kumuuliza neno. Vitabu 40 vilivyokwisha vilikuwa vya watoto watakaokuja pia. Mkutubi mwema haazimishi ovyo. Anaandika, anafuata, anakumbusha, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Anashona kitabu kilichofumuka kwa sindano ya gunia, analifunika jalada kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Naye mwazimaji ana wajibu wake. Tuna methali ya aibu isemayo kukopa harusi, kulipa matanga. Basi aliyeazima kitabu cha kijiji akakifanya chake amewaibia watu asiowafahamu, hata kama hakuvunja mlango. Kitabu kilichokufa kwa kusomwa kimemaliza kazi yake kama jembe lililolika. Kitabu kilichofungiwa maandazi kimeuawa.

Kufungua kabati kunahitaji pia ubunifu, na hapa ndipo bibi anapowashinda vijana wengi. Kijana aliyesomea kazi husubiri wasomaji waje. Bibi anajua kuwa watu hawana nafasi ya kuja, hivyo hufikiri watu walipo. Wako kwenye foleni ya kliniki, wako shambani wakiamia ndege, wako kituoni wakingoja basi kwenye barabara kuu iendayo Zambia. Kitabu kinaweza kwenda huko katika kikapu kile kile kinachobeba ndizi. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu anaweza kusomewa na mtoto wa darasa la nne, na hapo wote wawili wamefaidika. Hakuna lolote kati ya hayo linalohitaji kibali cha mkoa.

KABATI LISILOONEKANA

Lakini bibi ana kabati jingine, nalo limo kichwani mwake. Anajua hadithi na vitendawili vya kwao, awe Msangu, Mbena, Mkinga, Mwanji, Mhehe au Mnyakyusa, maana Chimala imekusanya watu kutoka juu ya milima ya Matamba na kutoka bondeni Usangu, tena imewapokea waliokuja kwa reli ya TAZARA na kwa barabara. Anajua nani ni ndugu wa nani, majani gani hutuliza tumbo, na mwaka gani njaa ilikuja na watu walikula nini wakapona. Mambo haya mengi hayamo katika vitabu 100 vya kabati lile la kwanza.

Yuko mkutubi mmoja wa mbali aliyeliona pengo hilo akalifanyia kazi. Alikuwa mwanamke wa kisiwa cha Puerto Rico, jina lake Pura Belpré, aliyekwenda New York na kuajiriwa katika maktaba ya umma ya mji ule mwaka 1921. Mtaani kwake walikuwako watoto wengi wa Puerto Rico, ambao lugha yao ilikuwa Kihispania. Katika rafu za hadithi hakuona hata moja ya zile alizosimuliwa na bibi yake. Hakukaa akalalamika. Alianza kuwasimulia watoto hadithi hizo katika maktaba, kwa Kihispania na kwa Kiingereza, akatengeneza vikaragosi kwa mikono yake, na mwaka 1932 hadithi ya bibi yake ya mende Martina na panya Pérez ikapigwa chapa kuwa kitabu. Wazazi ambao walidhani maktaba ile si mahali pao waliingia baada ya kusikia lugha yao ndani. Alifariki mwaka 1982, na tangu mwaka 1996 iko tuzo ya vitabu vya watoto inayoitwa kwa jina lake. Tukitazama vizuri, mwanzo wa yote hayo ni bibi mmoja wa kisiwani aliyefungua kinywa jioni mbele ya mjukuu, pasipo kujua kwamba mjukuu huyo atakuwa mkutubi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano wa karibu zaidi. Priscilla Sitienei wa kijiji cha Ndalat, katika Bonde la Ufa, alikuwa mkunga wa jadi kwa zaidi ya miaka 60. Alipokuwa amekwisha kupita miaka 90 alikuwa akisoma shule ya msingi, amevaa sare, darasa moja na vitukuu wake, na baadhi ya watoto wa shule ile alikuwa amewapokea yeye mwenyewe walipozaliwa. Walimwita Gogo, yaani bibi. Habari zake zilienea duniani mwaka 2015. Alieleza kwamba alitaka aweze kusoma Biblia, na pia aandike ujuzi wake wa ukunga na wa miti ya dawa ili usipotee naye. Alifariki Novemba 2021. Mama huyu alikuwa na kabati limejaa, ila ufunguo wake ulikuwa kalamu, akaona heri aitafute kalamu hiyo katika uzee kuliko kuondoka na kabati likiwa limefungwa.

Hata katika fasihi yetu ya Kiswahili jambo hili ni la zamani. Mwana Kupona binti Msham wa pwani ya Lamu, akiwa mgonjwa mwaka 1858, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa akimwachia mtoto mmoja urithi, lakini ndani ya utenzi huo huo aliwaalika wanawake wengine wausome. Bintiye aliutunza, na kwa kuutunza aliutoa, hata ukapigwa chapa na kusomwa na watu ambao mama yake hakuwahi kuwaota. Kama angeusitiri sandukuni kwa kuwa ulikuwa mali ya mama yake, leo tusingekuwa na neno la kusema juu yake.

Nasi tusomao Waraka wa Pili kwa Timotheo tutakumbuka kwamba mtume anamtaja Loisi, bibi yake Timotheo, kuwa imani ilikaa kwake kwanza. Na mwisho wa waraka huo huo anaomba aletewe vitabu alivyoviacha Troa. Mzee aliye kifungoni amemkumbuka bibi wa watu, na amekumbuka vitabu. Vyote viwili vilikuwa njia ya kupokezana.

WAJIBU WA PILI NI KUFUNGA

Mpaka hapa mtu aweza kusema, basi jibu ni rahisi: kila kitu kitolewe. Sivyo. Mkutubi ana wajibu wa pili unaokwenda kinyume cha ule wa kwanza, na asiyeutimiza huo ataua maktaba yake upesi kuliko mchwa.

Katika daftari la waazimaji mna siri za watu. Kijana ameazima kitabu cha magonjwa ya zinaa. Mama ameazima kijitabu cha sheria ya ndoa. Mzee anayeheshimiwa ameazima kitabu cha kwanza cha kusoma, kile cha herufi. Siri ya mtungi aijuaye kata. Na mkutubi ndiye kata. Siku atakapomwambia mmoja tu kisimani, mama yule hatarudi kuazima tena, na wengine kumi waliosikia hawatakuja kabisa. Kabati litakuwa wazi, lakini hakuna atakayelikaribia.

Tena kijijini mtu ajuaye kusoma hapewi vitabu tu, hupewa na barua za wenzake. Zamani vijana wa nyanda zetu walipokwenda migodini Afrika Kusini kwa mkataba wa WENELA, barua zao ziliwafikia mama na wake wasiojua kusoma. Ilibidi barua ipelekwe kwa mtu. Msomaji wa barua alijua nani ameumia mgodini, nani ametuma fedha na kiasi gani, nani ameoa mke mwingine huko. Heshima yake yote ilikuwa katika jambo moja, kwamba akisha kuisoma barua na kuirudisha katika bahasha, maneno yale nayo yanarudi ndani ya bahasha.

Leo mambo yamegeuka. Bibi ana simu, na mjukuu wake ndiye anayemsomea ujumbe. Mjukuu anajua namba ya siri ya fedha za bibi katika simu, anajua shangazi ametuma kiasi gani, anajua majibu ya hospitali yaliyoandikwa kwenye karatasi. Vijana, kazi ya msomaji wa barua imewaangukia ninyi. Namba ya siri ya bibi si yenu, hata kama ninyi ndio mnaoibonyeza. Na ujumbe wa bibi haupaswi kupelekwa katika kikundi cha simu ili watu wacheke.

Kwa hiyo tuna wajibu mbili: kabati lifunguliwe, na kinywa kifungwe. Tukijichunguza tutaona kwamba wengi wetu tunafanya kinyume chake. Vitu vya watu wote tunavifungia: ujuzi wa kazi hatumwonyeshi kijana asije akatupita, hesabu ya kikundi hatuisomi mkutanoni, hadithi za babu hatuwasimulii watoto kwa kuwa tumechoka. Lakini siri ya mtu mmoja tunaieneza kabla jua halijazama. Tumekuwa wachoyo wa kilicho cha wote, na wakarimu wa kisicho chetu.

Tutajuaje kipi ni kipi? Nadhani kipimo ni kuuliza jambo hilo ni la nani. Kilichowekwa mikononi mwangu kwa ajili ya wote, kama kitabu, fedha ya chama au hadithi ya ukoo, mimi ni njia yake tu, na nikikizuia nimeziba njia. Kilichowekwa mikononi mwangu na mtu mmoja kwa kuniamini ni chake, na nikikitoa nimekiiba. Bibi mkutubi hufanya yote mawili kwa siku moja, pengine kwa saa moja. Humsimulia mtoto hadithi yote bila kuficha hata mwisho wake wa kutisha, kisha hukaa kimya juu ya kitabu alichoazima mama wa mtoto huyo.

Liko shauri gumu. Ikiwa siri yenyewe ni madhara? Mtoto amemnong'oneza bibi kwamba anapigwa nyumbani, au kwamba anaandaliwa aozwe akiwa bado mdogo. Hapo kukaa kimya kungekuwa kulinda ubaya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua kwamba mtoto anadhulumiwa atoe habari kwa serikali ya mtaa au kijiji. Lakini tuangalie vizuri: kupeleka neno kwa awezaye kusaidia si sawa na kulitangaza kisimani. Mbele ya jambo kama hilo bibi huenda kwa mtu mmoja anayehusika, husema yaliyo ya lazima, na kwa wengine hukaa kimya kama kwamba hajui lolote. Hivyo ndivyo penye wazee haliharibiki neno.

MZIGO NI WA NANI?

Sasa mtu aweza kupinga akisema: mnamsifu bibi ili mpate wa kumtwika kazi bure. Pingamizi hili ni la haki, wala tusilipite upesi.

Nyanda hizi za Kusini zimeumizwa na UKIMWI kuliko sehemu nyingi za nchi. Akina bibi wengi walizika watoto wao, kisha wakaanza tena kulea, kufua na kulipa ada kwa ajili ya wajukuu, katika umri ambao walitazamia kupumzika. Ukimwongezea mtu huyo ufunguo wa kabati na kusema "bibi, wewe una moyo", umemsifu kwa mdomo na kumlemea kwa mkono. Moyo wa kujitolea ni wa mwenye moyo, haudaiwi kama kodi. Na jumuiya inayofurahia kutumikiwa na mtu mmoja mpaka achoke, kisha imwimbie siku ya maziko, imetumia mtu kama kitabu kile cha maandazi.

Basi na wajibu wetu kwake ni upi? Kwanza tumsaidie kazi ndogo zinazomchosha: kupanga vitabu, kushona, kufuata waliochelewesha. Hizo ni kazi za vijana. Pili, hasara ya haki isiwe deni lake. Kama kitabu kimechakaa kwa kusomwa, mkutano wa kijiji au wa parishi na ukubali kukifuta katika daftari bila kumtazama kwa jicho baya. Nina hakika jambo hili dogo lingefungua makabati mengi, maana wengi hufungia si kwa uchoyo, ila kwa sababu tumewaambia watalipa. Tukitaka mtu atoe, tumwondolee hofu ya kutoa.

Tatu, kabati la kichwani mwake lisingoje maziko. Tuna watoto wanaojua kuandika vizuri, wana madaftari yenye kurasa tupu mwisho wa mwaka. Mtoto mmoja aketi na bibi mmoja, aandike hadithi moja kwa lugha ile ile inayosimuliwa, awe ni Kisangu au Kikinga, na upande wa pili aiandike kwa Kiswahili. Madaftari 20 yakifunikwa vizuri na kuwekwa pamoja yamekwisha kuwa maktaba ambayo haipatikani Mbeya, wala Dar es Salaam, wala New York. Na bibi aulizwe kwanza ni lipi la wote na lipi lisiandikwe. Yeye anajua tofauti hiyo kuliko sisi.

Yupo atakayesema siku hizi kila kitu kimo katika simu, maktaba ya nini? Simu ni kabati kubwa kweli, na tumshukuru aliyeibuni. Lakini simu haimfahamu mtoto aliyesimama mbele yake. Haijui kwamba huyu amefiwa juzi na hafai kupewa hadithi ya msiba, au kwamba yule anajidai kusoma huku akikariri picha, naye anahitaji kitabu chepesi apewe bila kuaibishwa mbele ya wenzake. Kumchagulia mtu kitabu kunahitaji kumjua mtu, na kumjua mtu bila kumtangaza ni kazi ya mwenye hekima.

Ndugu zangu, kila mmoja wetu anao ufunguo fulani. Mweka hazina anao, fundi anao, mwalimu anao, mama wa nyumba anao. Jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mtu ajiulize mambo mawili. Ni kitu gani cha watu nimekifungia kwa kuogopa kudaiwa? Na ni neno gani la mtu nimelitoa ambalo halikuwa langu? Akiisha kupata jibu, kesho asubuhi aanze na lile lililo jepesi. Na kama nyumbani kuna bibi, amsogezee kiti, amuulize jina la bibi yake yeye, na aandike.